BETRI YA GARI: TUIPIME KABLA YA KUIHUKUMU

Ni desturi ya watu wengi, gari likikataa kuwaka asubuhi, kusema palepale, "Betri imekufa." Hata mtu ambaye hajapata kufungua boneti maishani mwake husema hivyo, na wanaosimama kando humwitikia. Mara nyingine husema kweli. Lakini mara nyingine betri huhukumiwa bila ya kuulizwa neno: hutolewa, hununuliwa nyingine, na baada ya siku chache gari hukataa tena. Fedha imekwenda, na ubovu ungali pale pale.

Sisi tukaao bwenini twajua maana ya gari lisilowaka. Mwenzetu akishikwa na maradhi usiku, gari la shule ndilo limpelekalo hospitali. Nyumbani nako, yuko mzazi ambaye riziki ya nyumba nzima yategemea teksi moja au pikapu moja. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao. Tena mengi yahusuyo betri tumekwisha kuyasoma katika Fizikia na Kemia. Lililobaki ni kuyatoa darasani na kuyapeleka chini ya boneti.

Katika makala hii nitaeleza betri inavyofanya kazi, jinsi ya kujua ubovu uko wapi, namna ya kubadilisha betri nyumbani bila ya hatari, na mwisho yatupasayo kufanya kwa betri ya zamani.

BETRI NI KITU GANI?

Mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alitumbukiza mabamba ya risasi katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji, akaona ya kuwa mabamba hayo yaweza kupokea umeme na baadaye kuurudisha. Risasi nisemayo hapa ni ile madini laini na nzito, ambayo wavuvi huifunga katika nyavu zao zipate kuzama. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliyapaka mabamba uji mzito wa oksidi ya risasi, na betri ikaweza kuweka umeme mwingi zaidi. Betri nyingi za magari ya leo ni wajukuu wa betri hiyo.

Betri ya gari dogo ina vyumba 6. Kila chumba kikijaa chaji hutoa volti 2.1 hivi; zidisha mara 6, utapata volti 12.6. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya namna mbili: ya upande wa hasi ni risasi tupu, na ya upande wa chanya ni dioksidi ya risasi. Betri inapotoa umeme, mabamba ya pande zote mbili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi, na tindikali hupungua, maji yakazidi. Tunapoichaji, mambo hayo hurudi kinyumenyume. Ndiyo sababu fundi huweza kuijua hali ya betri kwa kupima uzito wa tindikali yake. Betri iliyojaa, tindikali yake ina uzito wa mara 1.265 ya maji; iliyokwisha ina uzito wa mara 1.12 hivi.

Walakini betri ikiachwa muda mrefu bila ya chaji, salfeti ile hugandamana ikawa fuwele ngumu, nayo haigeuki tena kwa urahisi. Basi betri haifi kwa kazi tu. Hufa pia kwa kulala na njaa. Gari linaloegeshwa miezi mitatu bila ya kuwashwa laweza kukuta betri yake imekwisha, ingawa haikufanya kazi yo yote.

Tena hali ya hewa ina neno lake. Joto huharakisha kuoza kwa mabamba, na ndiyo maana betri za miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam huchoka upesi. Baridi nayo huifanya oili ya injini kuwa nzito, na hupunguza nguvu ya betri. Kwa hiyo twaweza kusema hivi: joto huua betri, na baridi huonyesha ya kuwa imekwisha kufa.

HESABU YA STATA

Zamani injini ilizungushwa kwa hendeli ya mkono. Ilikuwa kazi ya jasho, na hendeli ikirudi nyuma ghafla iliweza kuvunja mkono wa mtu. Mwaka 1911 Charles Kettering wa Marekani alitengeneza stata ya umeme, ikatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Tangu hapo kazi ya hendeli ikahamia kwenye betri. Hebu tuone ni kazi kiasi gani.

Taa moja kubwa ya gari ina wati 60. Gawa kwa volti 12, utapata mkondo wa ampea 5. Stata ya gari dogo, inapozungusha injini, yaweza kuvuta ampea 150. Hii ni sawa na kuwasha taa 30 kwa mara moja! Basi mtu asemaye, "Taa zinawaka, kwa hiyo betri ni nzima," hakupiga hesabu. Kumpa mtu kikombe cha maji si sawa na kumjazia pipa.

Sasa tukumbuke kanuni ya Ohm: volti ni mkondo mara ukinzani. Tuseme kichwa cha betri kimeota ule ukoko mweupe au wa kijani, na uchafu huo una ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa ikivuta ampea 5, volti zinazopotea ni 5 × 0.02, yaani 0.1. Hutaona tofauti yo yote. Taa itawaka vizuri. Lakini stata ikivuta ampea 150, volti zinazopotea ni 150 × 0.02, yaani 3. Kati ya volti 12 stata itapata 9 au pungufu yake, nayo itagugumia na kunyamaza. Mwenye gari atasema betri imekufa, kumbe betri ni nzima na ubovu wote uko katika uchafu unaoweza kusuguliwa kwa brashi kwa muda wa dakika 10.

Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii moja ameelewa nusu ya somo hili.

TULISIKILIZE GARI

Gari lisilowaka halikunyamaza. Linasema, ila lugha yake yataka kujifunza. Kwanza tia gia huru, na ukaze breki ya mkono. Washa taa kubwa, mwenzako asimame ubavuni aziangalie, wala asisimame mbele ya gari. Kisha zungusha ufunguo na usikilize.

1. Hakuna taa wala sauti. Betri imekwisha kabisa, au waya umelegea au umekatika kwenye kichwa cha betri. Anza kwa kushika vibano vya nyaya kwa mkono na kuvitikisa. Kibano kizuri hakitikisiki hata kidogo.

2. Taa zafifia sana, na wasikia tak-tak-tak ya harakaharaka. Stata inaomba umeme wala haupati wa kutosha. Yaweza kuwa chaji imekwisha, au vichwa vya betri ni vichafu. Visafishe kwanza, ndipo upime.

3. Wasikia "tak" moja tu, na taa zabaki na mwanga wake. Betri ina nguvu na njia ya taa ni nzuri. Mshuku mwingine: stata yenyewe, swichi yake, au waya mnene uiendeao.

4. Kimya, lakini taa zawaka sana. Amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Tazama fyuzi. Kama gari ni la gia za kujiendesha lenyewe, hakikisha mkono wa gia uko kwenye P au N. Katika sehemu nyingine halitawaka, kwa sababu limefungwa makusudi lisije likaruka na watu.

5. Injini yazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Hapa betri na stata zimekwisha kufanya kazi yao, ziache. Uliza habari za mafuta: je, yamo tangini, na pampu yafanya kazi? Uliza habari za moto wa plagi kwa gari la petroli, au hewa iliyoingia katika mafuta kwa gari la dizeli. Tena magari ya siku hizi yana kifaa cha kuzuia wizi. Ikiwa taa ndogo yenye picha ya ufunguo inameremeta, huenda gari halikuutambua ufunguo wako.

6. Gari lawaka vizuri kwa kusukumwa au kwa kuazima moto, lakini kesho yake limelala tena. Huenda betri imechakaa haishiki chaji. Au altaneta haiirudishii chaji. Au kuna kitu kinachonyonya umeme usiku, kama taa ya ndani au redio iliyofungwa vibaya.

Mwenye kufuata orodha hii ataona ya kuwa katika mafungu sita, betri yashukiwa katika matatu tu, na hata katika hayo si peke yake.

TUIPIME

Baada ya kusikiliza, pima. Mita ndogo ya volti bei yake ni ndogo sana kuliko ya betri. Acha gari limezimwa kwa saa kadhaa, kisha gusisha waya mwekundu wa mita kwenye kichwa chenye alama ya + na mweusi kwenye chenye alama ya −. Hesabu ni hizi: volti 12.6 au zaidi, imejaa; 12.4, imebaki robo tatu, 12.2, nusu, 12.0, robo, chini ya hapo, imekwisha. Betri yenye volti 11.8 haijathibitika kuwa imekufa. Huenda ina njaa tu. Ichaji kwanza mpaka ijae, ndipo uihukumu.

Pili, pima wakati mwenzako anawasha. Betri nzuri iliyojaa hushuka, lakini katika hali ya hewa ya kawaida haitazamiwi kwenda chini ya volti 9.6. Ikiwa ilijaa, na ikaporomoka mpaka 7 au 6, hiyo ndiyo iliyokufa kweli.

Tatu, pima injini ikiwa inanguruma. Mita yapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikionyesha 12 na kitu, na yazidi kushuka, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Hata ukiweka betri mpya kutoka dukani, itakwisha vile vile.

Nne, wakati wa kuwasha, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe, na ncha ya pili juu ya kibano kilichokifunga. Vitu hivi vyagusana, kwa hiyo mita yapasa kuonyesha karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, basi uchafu wa ile hesabu yetu ndio huo umepatikana.

Hapa sina budi kuonya juu ya desturi moja ambayo ingaliko katika gereji nyingine, ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ili kuona kama altaneta ni nzima. Katika magari ya siku hizi, yaliyojaa vifaa vya kompyuta, altaneta ikiachwa bila ya betri huweza kurusha volti nyingi kwa ghafla na kuviunguza vifaa hivyo. Tumia mita.

FAIDA YA KUPIMA

Faida ya kupima naliiona kwa mjomba wangu, afanyaye kazi ya kubeba mboga kwa pikapu kutoka Lushoto kwenda Tanga. Asubuhi moja ya baridi gari lilikataa. Fundi alilitazama, hakupima kitu, akamwambia anunue betri. Mjomba akanunua. Siku ya tisa gari likalala tena. Akaambiwa, "Uliuziwa betri mbovu," akanunua ya pili kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba. Nayo haikumaliza wiki mbili, na safari hii gari lilizimika njiani na shehena ya kabichi na nyanya, ambayo nusu yake iliharibika kabla ya kufika sokoni.

Dereva mmoja mzee wa pale Mombo aliposikia habari hizi aliomba mita. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikashika tochi. Injini ikinguruma, mita ilisoma volti 12.3. Mzee akashika mkanda wa altaneta kwa vidole viwili, ukacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Upande wake wa ndani uling'aa kwa kuteleza. Mkanda ukabadilishwa na kukazwa, mita ikapanda mpaka 14.2. Zile betri mbili zilizolaumiwa zilichajiwa, na zote zikaamka. Mjomba akauza moja. Lakini hasara ya mboga haikurudi, na chumba kimoja cha nyumba yake kingali kimefunikwa turubai.

Mita ile ingalitumika siku ya kwanza, lingalinunuliwa jambo moja tu: mkanda.

KUAZIMA MOTO

Ikiwa betri imekwisha chaji na safari ni ya lazima, waweza kuazima moto kwa gari jingine lenye betri ya volti zile zile. Magari yasigusane. Zima yote mawili, kisha fuata utaratibu huu:

Waya mwekundu: kwanza chanya ya betri iliyokwisha, halafu chanya ya betri nzima. Waya mweusi: kwanza hasi ya betri nzima, halafu chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Washa gari zima, ngoja dakika chache, kisha jaribu lile lililolala. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi kinyumenyume.

Kwa nini ncha ya mwisho isifungwe kwenye betri yenyewe? Kwa sababu ncha ya mwisho hutoa cheche, na betri inapochajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hii ikichanganyika na hewa kuanzia sehemu 4 katika 100 huweza kulipuka. Betri ikilipuka humwaga tindikali usoni pa mtu aliyeinama juu yake. Macho hayauzwi dukani.

Gari la gia za mkono laweza pia kusukumwa: fungua ufunguo, tia gia ya pili, kanyaga klachi, sukumeni; likishapata mwendo, achia klachi. Gari la gia za kujiendesha haliwaki kwa kusukumwa, msijichoshe.

KUBADILISHA BETRI NYUMBANI

Ikiwa vipimo vyote vimethibitisha ya kuwa betri imekufa, haya ndiyo ya kufanya.

Nunua betri yenye umbo lile lile, volti zile zile, na ampea-saa zisizopungua za ile ya zamani. Tena angalia chanya iko upande gani, maana nyaya za gari hazirefuki. Tazama tarehe ya kutengenezwa, na uipime hapo hapo dukani. Magari yanayozima injini yenyewe yakisimama kwenye foleni huhitaji betri ya namna yake, usiyawekee ya kawaida. Na magari yatumiayo injini pamoja na mota kubwa ya umeme yana nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo usiziguse kabisa.

Vaa miwani na glovu, vua saa na pete, na weka ndoo ya maji safi karibu. Pasiwe na sigara wala moto. Zima gari, na ufunguo uutoe.

Kwanza, fungua waya wa hasi. Mara nyingi spana namba 10 yatosha. Usukumie mbali usije ukarudi wenyewe. Pili, fungua chanya. Utaratibu huu una sababu. Bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita katika spana. Itawaka nyekundu mkononi mwako. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya, hakuna njia ya umeme kupita. Magari mengi ya kale ya Uingereza yaliunganisha chanya na bodi. Kwa hayo, anza na ule waya uendao kwenye bodi.

Tatu, fungua kishikio, uinue betri kwa mikono miwili bila ya kuilaza. Ni nzito, kwa hiyo piga magoti na mgongo uwe wima. Nne, safisha kitako chake na vibano. Ukoko wa tindikali huoshwa kwa maji yaliyotiwa magadi, hayo hayo ya jikoni; yatatoa povu, kwa sababu magadi huiua tindikali. Yasiingie ndani ya betri. Kisha sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae.

Tano, weka betri mpya na kukaza kishikio. Barabara zetu zina mashimo, na betri inayorukaruka huvunjika mabamba yake. Sita, funga chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza, wala usipige kwa nyundo. Paka grisi kidogo juu ya vibano kuzuia ukoko. Washa gari, upime: ni volti 14 na kitu? Basi kazi imekwisha. Saa na redio huenda zikahitaji kupangwa upya.

Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo kisha nenda hospitali mara moja. Na kwa betri zenye vifuniko, maji yakipungua ongeza maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake, ambayo huuzwa madukani. Maji ya bomba yana chumvi ziharibuzo mabamba. Tindikali usiongeze, maana haikutoka. Yaliyotoka ni maji.

BETRI YA ZAMANI

Betri iliyokufa haikwisha kuwa na hatari. Ndani yake mna kilo kadhaa za risasi. Vumbi la risasi halina harufu wala ladha ya kumwonya mtu, nalo huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, mjini Dakar, Senegali, watu walikuwa wakivunja betri za zamani na kuchekecha udongo wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa hapo. Na karibu nasi zaidi, katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilitia sumu wakazi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aligunduliwa kuwa na risasi katika damu, aliwaongoza majirani zake kudai haki, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kwa hiyo betri ya zamani usiivunje, usimwage tindikali yake shambani wala mtaroni, wala usiwaachie watoto waichezee. Irudishe ilivyo kwa muuza betri, ikiwa wima. Wengi wao huinunua au hupunguza bei ya mpya, maana risasi yake yaweza kuyeyushwa na kutumika tena katika kiwanda kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na hii ni sababu nyingine ya kupima. Kila betri nzima inayotupwa kwa kusingiziwa ni kilo nyingine za sumu zilizotolewa mahali pake bila ya haja. Mwenye kupima huokoa fedha yake, na pia udongo wa jirani yake.

Basi, wasomaji wenzangu, tukienda likizo na tukimkuta mzazi au jirani anazungusha ufunguo bila ya jibu, tusiwe wa kwanza kusema "betri imekufa." Tuombe mita, na brashi, na dakika 10.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kichwa cha betri kina uchafu wenye ukinzani wa omu 0.03. Stata yavuta ampea 120. Ni volti ngapi zinazopotea?
2. Gari lina betri ya volti 12.6, na injini yazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Je, utanunua betri? Toa sababu.
3. Kwa nini waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho?
4. Injini ikinguruma, mita yaonyesha volti 12.1. Taja vitu viwili vya kutazama kabla ya kwenda dukani.
5. Katika nyaya za kuazima moto, ncha ya mwisho hufungwa wapi, na kwa nini?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne